Barafu iko wapi? Friji likigoma usikimbilie kujaza gesi

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi, tuzungumzie kitu ambacho kinagombanisha watu mjini hapa pengine kuliko hao wapenzi wenyewe. Nazungumzia friji.

Usicheke. Kama umepanga nyumba yenye vyumba sita, choo kimoja na mita moja ya LUKU, najua tayari umeshaanza kutikisa kichwa. Mwenye friji kwenye nyumba kama hiyo ni sawa na mshitakiwa ambaye kesi yake haiishi. Umeme ukiisha mapema, friji. Balbu ikififia, friji. Anayepiga pasi nguo za wiki nzima haonekani, mwenye redio inayokesha haonekani, lakini friji linaonekana, maana linanguruma!

Sasa kuna zile friji ambazo mlangoni zina kibandiko cha "No Frost". Wauza mitumba na mafundi wanaziita nofrosti. Maana yake ni kwamba ukuta wa friza yake hautakiwi kuota barafu hata kidogo. Huzimi, hukwangui, huweki beseni chini kukinga maji. Friji lenyewe linajisafisha. Friji za namna hii zilianza kushika soko huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo zimejaa tele kwenye maduka na magenge ya mitumba ya hapa Dar.

Kwa hiyo ukiona friza ya nofrosti imefunga theluji kama kilele cha Kilimanjaro, ujue kuna kitu ndani yake kimekufa. Kipi? Hapo ndipo watoto wa mjini wanapoliwa mshiko wao mchana kweupe.

SHANGAZI NA MRADI WAKE

Mimi naishi kwa shangazi yangu, Mwananyamala. Ni mjane, na maisha yake yote yamesimama juu ya friji moja. Anauza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, juisi ya embe kwa mafundi gereji, na maji baridi kwa yeyote mwenye kiu. Hapo ndipo inapotoka kodi ya vyumba viwili, na ndipo inapotoka ada ya binti yake anayesomea ushonaji.

Friji lenyewe alilinunua mwaka 2022 kwa pesa ya mchezo aliocheza na akina mama wenzake. Ni mtumba kutoka Ulaya, milango miwili, friza juu, na ni nofrosti. Siku linaingia ndani majirani walikuja kulitazama kama vile wanatazama bibi harusi.

Basi bwana, ikafika Februari 2024, joto la Dar lile unalolijua, shati linaganda mgongoni saa mbili asubuhi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Kwanza juisi za chini zikawa vuguvugu. Shangazi akapandisha swichi ya baridi mpaka mwisho, wapi! Wakati huo huo friza ya juu ilikuwa inagandisha kama kawaida, ila ukuta wake wa nyuma umeota unga mweupe, kila siku unaongezeka. Halafu lile friji likaacha kupumzika. Mchana linanguruma, usiku wa manane linanguruma, alfajiri muadhini anaadhini na lenyewe linanguruma.

Na LUKU nayo ikaanza kukimbia. Umeme uliokuwa unamalizika kwa siku nane ukawa unamalizika kwa siku tano.

Wapangaji wakaita kikao. Tukakaa uani, kila mtu na kigoda chake. Dada mmoja wa chumba cha mbele akasema bila kumung'unya maneno kwamba shangazi ana jiko la umeme amelificha uvunguni. Kaka mmoja akadakia kwamba suluhisho ni moja tu, friji litoke, au mwenye friji alipe nusu ya umeme wa nyumba nzima. Mama mwenye nyumba akasema anatoa mwezi mmoja, mambo yasipotulia atamwomba shangazi atafute kwingine.

Shangazi hakujibu kitu. Aliinamisha kichwa anachezea pindo la kanga yake. Usiku ule nilimsikia anahesabu chenji mara tatu, na mara zote hesabu ilikuwa ile ile.

FUNDI WA "GESI IMEISHA"

Fundi wa kwanza alikuja na pikipiki, miwani ya jua, na mfuko wenye mtungi. Alifungua mlango, akapeleka kiganja kwenye juisi, akatikisa kichwa kama daktari anayetoa habari mbaya. "Mama, gesi imeisha." Basi. Hakutazama nyuma, hakuuliza barafu imeanza lini, hakufungua hata skrubu moja ya ndani.

Alitaka elfu tisini. Shangazi akaenda kukopa kwa mama muuza vitumbua.

Fundi akazima friji, akaliacha milango wazi mpaka kesho yake, akisema mabomba lazima "yatulie". Kesho akarudi, akachomeka mtungi wake, akapiga piga, akawasha. Na kweli mpenzi msomaji, friji likawa bomba! Juisi baridi, ukuta msafi, linanguruma kidogo kisha linanyamaza. Shangazi alimpa fundi na maji ya njiani.

Siku kumi na mbili baadaye ule unga mweupe ukarudi pale pale, na juisi zikawa vuguvugu upya.

Sikiliza hapa vizuri, maana hili ndilo linaloingiza watu mjini. Kilichoponyesha friji siku ile hakikuwa gesi. Ilikuwa ni ile siku nzima ya kuzimwa na kuachwa wazi. Barafu iliyojificha nyuma ya ukuta iliyeyuka, hewa ikapata njia, friji likapumua. Ugonjwa wenyewe haukuguswa, kwa hiyo barafu ikaanza kujijenga tena taratibu. Friji likipona baada ya kuzimwa siku moja, halafu likaugua tena baada ya wiki moja au mbili, hiyo ni dalili kubwa kwamba mtambo wake wa kuyeyusha barafu ndio umekufa. Fundi asiyejua, au anayejua ila anatafuta ugali, atakujazia gesi kila baada ya wiki mbili mpaka utauza kitanda.

KISU MARUFUKU

Kabla hatujapata fundi wa pili, kaka wa chumba cha nne alijitolea kuja kukwangua ile barafu kwa kisu cha kuchinjia kuku. Shangazi alisimama mlangoni akamzuia, na alikuwa na sababu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walifanya hivyo, kikasikika kimlio, pssss, na huo ukawa mwisho wa friji lao. Sasa hivi wanaweka vyombo ndani yake.

Mabomba ya baridi ndani ya friza mara nyingi ni ya aluminiamu, laini kama kifuniko cha sufuria. Ncha ya kisu ikigusa tu, tundu. Na friji nyingi za kisasa zinatumia gesi inayoitwa R600a, ambayo ni jamii moja na gesi ya kupikia, yaani inashika moto. Ukikuta kibandiko cha R600a nyuma ya friji lako, kaa nayo chonjo. Usitoboe, usiwashe kiberiti karibu ikivuja, na usimruhusu fundi alete moto wa kuchomelea wakati gesi iko ndani.

Maji ya moto yaliyochemka nayo hapana, plastiki itapasuka. Njia salama ni ya kizamani: chomoa kwenye umeme, toa vitu, fungua milango, tandika matambara na uache saa 24. Ukitaka haraka weka bakuli la maji ya moto ndani, mvuke ufanye kazi.

MZEE WA SWALI MOJA

Fundi wa pili tulielekezwa na muuza spea wa Kariakoo. Ni mzee wa makamo, anavaa kofia ya kufuma, hana pikipiki wala miwani ya jua. Nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba, kisha kabla hajaketi akaniuliza swali ambalo kwangu limekuwa kama amri kumi za friji:

"Mwanangu, barafu iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye friza. Akacheka. "Najua iko kwenye friza. Upande gani?"

Kumbe mahali barafu ilipoota ndipo panapokwambia ugonjwa! Nilichukua daftari nikaandika, nawe kata ukurasa huu ubandike jikoni.

Barafu ikiwa mlangoni na juu ya vitu, ile laini kama manyoya, hewa ya nje inaingia. Tazama raba ya mlango. Chukua karatasi, ibane kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, raba hapo haishiki. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo. Pengine raba si mbovu, ina uchafu wa juisi tu, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Hewa ya Dar imejaa unyevu wa bahari, na unyevu huo ukiingia kwenye friza hauna pa kwenda, unageuka barafu.

Barafu ikiwa sakafuni mwa friza, imelala kama kioo, na wakati mwingine maji yanachuruzika mpaka kwenye mboga kule chini, tundu la kutolea maji limeziba. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, unasukuma taratibu mpaka yapite.

Barafu ikiwa imetanda ukuta wote wa nyuma, huku friza inagandisha lakini chini ni joto, mtuhumiwa ni mtambo wa kuyeyusha.

Na ukifungua ule ukuta wa nyuma ukakuta barafu imeota kwenye kona moja tu ya koili na sehemu nyingine ni kavu, hapo sasa ndipo unaweza kuanza kushuku gesi. Gesi ikipungua haifiki koili nzima, inagandisha pale inapoingilia tu. Koili iliyofunikwa yote kwa theluji inakwambia kwamba gesi ipo na inafanya kazi yake sawasawa!

Shangazi aliposikia hilo alishika kiuno. "Sasa yule kijana aliniwekea gesi, au aliniwekea maneno?" Mzee hakujibu. Fundi wa kweli hamsemi mwenzake mbele ya mteja.

LINAVYOJISAFISHA LENYEWE

Nilimwomba mzee anieleze hiyo nofrosti inafanyaje kazi. Akaeleza huku anafungua skrubu, nami nakusimulia kama nilivyoelewa.

Baridi yote ya friji kama la shangazi inatengenezwa mahali pamoja, kwenye koili iliyojificha nyuma ya ukuta wa friza. Feni ndogo inaipuliza hewa ya baridi ndani ya friza na kuisukuma nyingine chini kwa kupitia njia maalumu. Ndiyo maana koili ikizibwa na barafu, chini ndiko kunakoanza kuugua. Friza iko karibu na baridi, kule chini hewa haifiki tena. Na kwa kuwa chini hakupoi, kompresa haipati ruhusa ya kupumzika.

Koili lazima iote barafu, hakuna ujanja. Ujanja wa nofrosti ni kuiyeyusha kabla haijawa nyingi. Kuna taima inayohesabu saa, nyingine 6, nyingine 8, nyingine 12. Muda ukifika inazima kompresa na kuwasha hita iliyolala chini ya koili. Hita inayeyusha barafu kwa dakika ishirini hivi au zaidi kidogo. Kuna thamostati ndogo imeshika bomba la koili, ikihisi joto limetosha inaikatia hita umeme. Maji yanashuka kwenye tundu, yanapita kwenye mpira, yanaangukia kwenye kisinia kilichoko nyuma juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Ndiyo maana huyaoni kamwe.

Kwenye friji za siku hizi hiyo taima imebadilishwa na bodi ya elektroniki, na nyingi zina fyuzi ya joto kwa usalama, lakini mchezo ni ule ule. Vitu vichache, na kimoja kikifa vingine vyote vinaonekana vibaya.

KIKOMBE CHA BARAFU NA CHUMVI

Mzee alianza na taima. Alitia bisibisi kwenye kitundu chake akaizungusha pole pole mpaka ikalia "ka!" Kompresa ikanyamaza. Maana yake taima inapokea amri. Tukasubiri dakika tano, kumi. Hita haikuota joto. Kama barafu ingeanza kuyeyuka hapo, lawama ingekuwa ya taima iliyoshindwa kujizungusha yenyewe. Haikuyeyuka.

Akachomoa friji kwenye soketi, akasisitiza na wewe usisahau hilo: kabla ya kupima chochote chomoa, usizime swichi tu. Akapima hita kwa mita, ikalia. Hita ni nzima.

Ikabaki ile thamostati ndogo. Akaipima, mita ikakaa kimya. Mimi nikadhani tumempata mwizi. Mzee akainua kidole. "Subiri kijana. Hiki kitu kikiwa kwenye joto kinatakiwa kikae kimya. Kinafunga njia ya umeme pale tu kinapokuwa kwenye baridi kali."

Fikiria hapo ni thamostati ngapi nzima zimetupwa jalalani kwa sababu zilipimwa mchana wa jua!

Akamwomba shangazi kikombe cha barafu iliyopondwa na chumvi ya jikoni. Nilikumbuka somo la kemia la sekondari: chumvi ikichanganywa na barafu, baridi inashuka chini ya sifuri. Nilikuwa nadhani somo lile liliwekwa kututesa tu. Mzee akaifunga thamostati ya zamani kwenye mfuko isipate chumvi, akaizamisha. Akazamisha na mpya pembeni, aliyokuja nayo mfukoni. Baada ya dakika chache akapima. Ile mpya ikalia. Ya zamani kimya, kimya, kimya.

"Huyu hapa," akasema.

Kifaa kidogo kuliko kifuniko cha soda, bei elfu kumi na mbili. Ufundi elfu ishirini. Jumla elfu thelathini na mbili, wakati yule wa kwanza aliondoka na elfu tisini.

Koili alishaiyeyusha kwa mvuke, akaisafisha, akapitisha maji kwenye tundu kuhakikisha yanafika kwenye kisinia cha nyuma, akafunga. Akakataa soda. Akaomba barafu mbili za ukwaju, akaondoka anazifyonza.

HESABU MBELE YA KIKAO

Lakini friji kupona ni kitu kimoja, nyumba kupona ni kitu kingine. Muda wa mama mwenye nyumba ulikuwa unayoyoma, na umbea haupimwi kwa mita ya fundi. Bahati nzuri LUKU inapimika.

Kabla mzee hajaja nilikuwa nimeomba kitu kimoja kwa wapangaji. Siku ya kazi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri wakati wengi hawapo, kila mtu achomoe vyake, libaki friji peke yake. Walikubali haraka sana, nadhani walitaka kumshika shangazi na jiko lake la uvunguni. Kwa saa hizo sita friji lilikula uniti 0.74. Baada ya matengenezo tukarudia, siku ya joto kama ile ile. Likala 0.39.

Niliandika namba hizo ubaoni kwa chaki. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kompresa ya wati 120 ikikesha bila kupumzika inakula uniti 2.88 kwa siku. Ikipumzika nusu ya muda inakula 1.44. Tofauti ya mwezi ni uniti 43 na ushee. Hizo ndizo zilizokuwa zinapotelea hewani kwa sababu ya kidubwasha cha elfu kumi na mbili.

Kikao kikakubaliana shangazi alipe sehemu ya vyumba vitatu badala ya viwili, kwa kuwa friji ni mradi. Naye aliona ni haki. Mama mwenye nyumba akasema yaishe. Dada wa chumba cha mbele hakuomba radhi mpaka leo, ila siku hizi anatuma mtoto kununua maji baridi, na mjini hiyo nayo ni aina ya radhi.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Kwenye zile wiki za juisi vuguvugu baadhi ya wateja walihamia kwa mama wa mtaa wa pili, na watoto wa shule wakishazoea njia nyingine kuwarudisha ni kazi. Deni la mama vitumbua lilimalizika Juni. Binti alikosa muhula mmoja wa mafunzo, akaingia uliofuata.

UKITAKA KUNUNUA MTUMBA

Kabla sijaweka kalamu chini, dondoo kidogo kwa washkaji mnaotaka kuvuta friji la mtumba.

Kwanza, tafuta kibandiko ndani ya friji, mara nyingi pembeni ya droo za mboga. Angalia herufi za hali ya hewa. N ni friji lililotengenezwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 mpaka 32. ST ni mpaka nyuzi 38, na T ni mpaka nyuzi 43. Mitumba kutoka nchi za baridi unaweza kuikuta ni N au SN, na chumba cha bati Mwananyamala mwezi Februari kinaivuka 32 bila kuomba ruhusa. Ukipata T, chukua.

Pili, angalia volti. Umeme wetu ni 230. Friji la volti 110 au 120 bila transfoma litakufa siku hiyo hiyo.

Tatu, muombe muuzaji aliwashe, kisha usikilize feni ya friza. Kwenye friji nyingi feni husimama mlango ukifunguliwa, kwa hiyo bonyeza kile kiswichi cha mlango uisikie. Feni isipozunguka, hilo ni kimeo.

Nne, likishafika nyumbani liache nafasi nyuma na pembeni lipumue. Usiweke sufuria ya moto ndani. Usijaze friza mpaka ukaziba matundu ya kupitishia hewa. Funika juisi na mchuzi, kwa sababu mvuke wake ndio unaokwenda kuwa barafu. Na kama kazi yako ni ya kufungua mlango mara mia kwa siku, waambie watoto wataje wanachotaka kabla hujafungua, sio waanze kuchagua mlango ukiwa wazi.

Tano, kama lako si nofrosti, ni lile la kawaida au friza ya kulala, usitishike ukiona barafu ukutani. Hilo ndilo umbile lake. Ikifika unene wa nusu sentimita hivi, zima, iyeyushe, endelea na maisha.

Sita, nunua kipimajoto kidogo. Chini iwe nyuzi 5 au pungufu, friza iwe 18 chini ya sifuri. Kiganja cha fundi siyo kipimajoto.

Na fundi akija kwako, kabla hajateremsha mtungi wake, muulize kwa upole kabisa: mzee, barafu iko wapi? Akitazama barafu, mkaribishe kiti. Akikutazama wewe mfukoni, msindikize mpaka barabarani.

Kwa leo tuishie hapo, nafasi yenyewe ndiyo hii. Wiki ijayo nitakuja na ile mada ya mapenzi niliyowaahidi, ya kaka aliyechumbia mtu na dada yake, usikose. Mpaka wakati huo, fungeni milango ya friji. Kwaherini.